Kengele ya Chumba cha Krimu

Jumapili ya tatu mfululizo, Jerop aliinuka katikati ya mahubiri akatoka nje. Ilikuwa mwezi wa saba, Mau Narok, baridi ya kumfanya mtu ajute kunawa uso, na kanisani watu wote walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti na mablanketi. Yeye alikuwa anavuja jasho. Lilianza kifuani, likapanda shingoni, likaenea usoni mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa, na moyo ukawa unamwenda mbio bila sababu yoyote. Alisimama kwenye umande, akavua shali, akangoja lipite. Ndani, mwinjilisti Joash alikuwa anafundisha juu ya wake kuwatii waume zao. Bahati mbaya ni kwamba Jumapili zote tatu alikuwa kwenye somo hilo hilo, maana Joash akishika somo haliachi mpaka lichakae.

"Wengine neno linawachoma," alisema kwa sauti ya kufika mpaka nje. Watu wakacheka chini chini, halafu macho yote yakamgeukia Kemboi.

Kemboi, mume wa Jerop, alikuwa msimamizi wa wakamuaji kwenye shamba la Mzungu lililopakana na kanisa. Alikuwa mtu mpole na mwenye kuheshimiwa. Angeweza kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa kusikia tu anavyotafuna. Lakini mke wake mwenyewe alikuwa amemshinda kumwelewa mwaka wa pili sasa, tangu damu yake ya mwezi ianze kuja inapotaka na kupotea inapotaka.

"Mama Rael, umeniaibisha tena," alimwambia walipofika nyumbani.

"Nilikuwa naungua."

"Watu wote wanatetemeka, wewe peke yako unaungua?"

"Mimi peke yangu, Baba Rael. Ndiyo ninakuambia kila siku."

Mama yake Kemboi, bibi Chepkemei, alikuwa ameketi karibu na moto akisafisha kibuyu cha maziwa. Hakuinua kichwa. "Mwanamke akikosa mtoto wa kiume mwili unamkasirikia," alisema. Jerop alikuwa amezaa wasichana watatu, wote wameolewa, na hakukuwa na siku ambayo kikongwe yule alisahau kuwahesabu.

Jerop alifanya kazi katika chumba cha krimu, mkabala na zizi. Palikuwa na mashine ya mkono ya kutenga krimu na maziwa, na kwenye mpini wake kulikuwa na kengele ndogo. Ukizungusha polepole kuliko inavyotakiwa, kengele inalia kila mzunguko. Ukifikisha mwendo sawasawa, inanyamaza, na krimu inatoka nzito, inavyofaa. Kwa miaka mingi kengele ile ilikuwa ikilia kidogo tu alfajiri Jerop anapoanza, kisha kimya mpaka ndoo ya mwisho. Siku hizi ilikuwa inalia ovyo. Jasho likimshika, mikono inalegea, mpini unateleza, na ting, ting, ting inasikika mpaka jikoni kwa memsaab, mke wa Mzungu. Krimu ikitoka nyepesi, kiwanda cha Nakuru kinairudisha.

Wiki ile memsaab alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. "Jerop, kama wewe iko mgonjwa, kwenda kwa daktari. Kama wewe iko mvivu, kwenda kuchuma pareto."

Jerop alitaka kulia, akakasirika badala yake. Kazi ile ilikuwa ndiyo mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu aliyemwita mama wa wasichana. Wakamuaji walimwita fundi.

*

Jerop na Kemboi walishuka Nakuru na lori la maziwa, wamekaa katikati ya makopo. Daktari alikuwa Mhindi mwenye chumba nyuma ya duka la nguo, mtu wa haraka haraka, na watu walikuwa wamejaa mpaka barazani. Alimpima Jerop kifua na tumbo, kisha akamgeukia Kemboi, na tangu hapo hakumwangalia Jerop tena.

"Analala?"

"Halali," alisema Kemboi.

"Anakasirika?"

"Hilo usiulize."

"Anasahau vitu?"

"Juzi ameweka chumvi kwa chai."

Jerop alitazama kalenda ya ukutani. Alikuwa na mengi ya kusema. Alitaka kusema kwamba usiku anaamka shuka limelowa, kwamba viungo vinamuuma, kwamba kuna asubuhi anajisikia kama mtu mwingine amevaa ngozi yake. Alifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili Kemboi alikuwa ameshajibu.

"Mzee, hii ni umri," daktari alisema. "Damu ya mama inataka kwisha, na mwili inapigana. Mimi nitatoa vidonge. Kila siku moja, wiki tatu. Halafu pumzika wiki moja. Wiki ya kupumzika, pengine damu kidogo itatoka. Si kitu. Halafu anza tena. Baada ya miezi miwili, rudi."

"Na tutajuaje kama inafanya kazi?" Kemboi aliuliza.

"Mama atajua."

"Atajuaje?"

"Atalala. Jasho itapungua. Wewe muulize." Daktari alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Jibu hilo halikumridhisha Kemboi hata kidogo. Kwake dawa ilikuwa kitu cha kuonekana. Kiwele kilichovimba kinapungua, ndoo iliyokuwa nusu inajaa. Ng'ombe haulizwi anajisikiaje. Njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akikuna kidevu, na walipofika, aliifungia chupa ya vidonge kwenye kabati la dawa pale zizini. Dawa zote za shamba zilikaa humo, za ng'ombe na za watu, na ufunguo ulikaa kiunoni kwake. Jerop hakuona ubaya. Hata kidonge cha kichwa alikuwa akipewa kutoka kabati hilo.

*

Siku za kwanza vidonge vilimtia kichefuchefu. Kisha, asubuhi moja, Jerop aliamka akakuta kumekucha. Alikaa kitandani akishangaa. Alikuwa amelala tangu jioni mpaka jogoo, na shuka lilikuwa kavu.

Jasho likaanza kupungua. Lilikuja bado, lakini lilikuja kama mgeni anayepiga hodi, si kama mwizi. Mikono ikapata nguvu. Kwenye chumba cha krimu kengele ililia kidogo mwanzoni, ikanyamaza, ikabaki hivyo. Jumapili alikaa kanisani mpaka baraka za mwisho, na Joash akamaliza somo lake la utii bila mtu wa kumrushia maneno.

Alingoja aulizwe. Kila asubuhi baada ya kukamua, Kemboi alimpa kidonge, akamtazama akimeza, kisha akamvuta karibu na mlango penye mwanga. Alimfunua jicho kwa kidole gumba, akamwambia atoe ulimi.

"Unaona nini?" Jerop aliuliza.

"Sijaona kitu bado."

"Basi niulize."

"Nikuulize nini? Mgonjwa hawezi kujipima."

Jerop alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa alikuwapo mtu anayetaka kuwahesabu kunguni akiwa amesimama mlangoni.

Mambo yaliharibika siku Nyongesa alipopita. Nyongesa alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, kijana wa kutoka Bungoma mwenye maneno mengi, na alikuwa amekuja kumdunga ng'ombe aitwaye Daisy, aliyekuwa amekataa ndume msimu mzima. Kemboi alimshika Daisy pembe. Nyongesa alipoweka chupa juu ya ukuta, Kemboi, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa kuokotaokota, aliyaona maandishi aliyoyazoea. Alikwenda kabatini akarudi na chupa ya Jerop.

"Hebu nisomee. Hii na hiyo ni ndugu?"

Nyongesa alisoma moja, akasoma nyingine. "Ni dawa moja, mzee. Hii ya sindano, hiyo ya kumeza. Umeitoa wapi?"

"Ni ya mtu. Inafanya nini?"

"Ng'ombe akikataa ndume, tunampiga hii. Siku chache utamwona anamtafuta mwenyewe. Ukishamwona hivyo unaacha dawa, unampeleka kwa ndume." Alifunga mkoba wake. "Lakini kumbuka, inaamsha tu. Ndama si kazi yake. Wengi wanaamka na hawashiki kitu."

Kuambiwa ni kuambiwa tu. Kemboi alikuwa ameacha kusikiliza kwenye "unampeleka kwa ndume".

Na tusimcheke upesi. Mama yake alikuwa ameshamtafutia mke wa pili kule Londiani, na kila mara alipokataa aliitwa mwanamume asiye na boma. Akikubali, kanisa lingemfuta kwenye meza ya Bwana, na Kemboi alimpenda Bwana, na kwa namna yake ya kimya alimpenda Jerop. Sasa Mungu alikuwa amefungua mlango wa tatu, ndani ya chupa ndogo.

Alianza kumletea Jerop maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Alipasua kuni mwenyewe. Jerop, masikini, alidhani hatimaye ameona kwamba mkewe amepona, na moyo wake ukamlainikia.

*

Wiki ya kupumzika ilipofika, damu ilitoka, kidogo, kama daktari alivyosema. Bibi Chepkemei aliviona vitambaa kwenye kamba nyuma ya nyumba. Hakusema kitu kwa Jerop. Alikwenda moja kwa moja zizini kwa mwanawe, na siku hiyo wakamuaji walimsikia Kemboi akiimba.

Wiki ikaisha. Asubuhi ya kuanza tena Jerop alisimama karibu na kabati, amenyoosha mkono.

"Leo ni siku ya kuanza," alisema.

"Haina haja. Imemaliza kazi."

"Kazi gani?"

Kemboi alitazama huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi. "Damu imerudi. Sasa tunaacha dawa, tunangoja. Ukiendelea utaharibu."

"Utaharibu nini?"

"Mtoto."

Jerop alishusha mkono. "Nani amekuambia hii ni dawa ya mtoto?"

"Nyongesa amesoma. Ni ile anampiga Daisy."

"Mimi ni Daisy?"

"Nimesema mfano tu, Mama Rael."

"Daktari alisema damu hiyo si kitu. Ulikuwa umekaa pale. Ulikuwa unajibu kila swali, hili hukulisikia? Mimi nalala sasa. Nakaa kanisani. Kengele imenyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya dawa, na imeifanya. Nipe."

"Kulala," alisema Kemboi, na kwa kweli alishangaa. "Tumeshuka mpaka Nakuru kwa sababu ya kulala?"

Akafunga kabati. Jerop alikwenda kwa memsaab, ambaye alikuwa akikata maua ya waridi, akamweleza kwamba dawa yake imefungiwa. Memsaab alimsikiliza mpaka mwisho, hilo hatumnyimi, kisha akasema, "Hiyo shauri ya wewe na Kemboi," akaendelea na waridi zake. Kwenda Nakuru peke yake kulihitaji nafasi kwenye lori la maziwa, na aliyegawa nafasi kwenye lori alikuwa Kemboi.

Jasho likarudi, na safari hii lilirudi na ndugu zake wote. Usiku hakulala. Asubuhi kengele ikalia ting, ting, ting kama zamani. Mwezi ukapita na damu haikuja. Jerop alijua kwa nini haikuja. Ilikuwa imeletwa na vidonge, na vidonge viko kabatini. Lakini nyumba ile haikumuuliza. Alikuwa na hasira, Chepkemei akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa na joto, kichefuchefu kilimpata asubuhi moja, Chepkemei akapiga makofi. Kila dalili kwamba dawa imekosekana ilichukuliwa kuwa dalili kwamba dawa imefaulu, na kadiri alivyokataa ndivyo walivyotabasamu.

"Hata mimi nilikuwa mkali hivyo nikiwa na mimba ya Kemboi," kikongwe alisema. "Mwache. Ni mvulana huyo."

Mwisho Kemboi, kwa upole wake wote, alikwenda kwa memsaab akaomba mke wake atolewe kwenye mashine. Kazi nzito, alisema, na hali yake si ya kawaida. Kesho yake Jerop alifika chumba cha krimu akamkuta mwanamke mwingine ameshika mpini. Kengele ilikuwa inalia vibaya sana. Jerop alisimama mlangoni, machozi yakamtoka kwa uchungu, akarudi nyumbani kuketi kwenye kiti ambacho Chepkemei alikuwa amekiwekea mto.

*

Jumapili Joash alikuwa na somo jipya. Alifungua kwa Sara, mke wa Ibrahimu, akafika kwa Elisabeti, na kila mtu akaanza kugeuza shingo kabla hajafika alikokuwa anakwenda.

"Na hata hapa kwetu," alisema, "Bwana amemkumbuka mama mmoja katika uzee wake. Tusimame tumwombee Mama Rael, na tunda la tumbo lake."

Watu wakasimama. Jerop alikuwa ameanza kutokwa na jasho kabla ya Elisabeti. Safari hii hakutoka nje. Alisimama pamoja nao, akavua shali mbele ya kanisa zima, akajipangusa nalo uso.

"Mimi sina mimba," alisema.

Joash alitafuta neno, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akitafuta.

"Msiniombee mtoto ambaye hayuko. Mimi ni mgonjwa wa jasho. Nilipata dawa, ikanisaidia, mume wangu akaifungia kwa kabati la ng'ombe. Kama mnataka kuomba, mwombeeni ufunguo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Kemboi alikuwa amekaa, yeye peke yake, anatazama viatu vyake. Alikuwa amemwona ng'ombe akitoroka zizi mara nyingi, lakini hakuwahi kukaa pale watu wote wakitazama mlango aliouacha wazi yeye mwenyewe.

*

Siku ya lori iliyofuata Kemboi mwenyewe alitoa nafasi mbili, wakashuka Nakuru. Daktari aliwakumbuka, au alijifanya kuwakumbuka.

"Ehe, mzee. Dawa inafanya kazi?"

"Ilifanya," alisema Kemboi. "Nikaacha."

"Umeacha?" Daktari aliweka kalamu chini. "Wewe ilikuwa unakunywa?"

Daktari akamgeukia Jerop, kwa mara ya kwanza, na Jerop akasema yote. Alisema juu ya usiku na shuka na mikono na kanisa, juu ya wiki ya damu na Daisy, na hakuharakisha. Watu wa barazani walisikia, na akaona heri wasikie. Daktari alimpima tumbo tena, taratibu kuliko mara ya kwanza.

"Hakuna mtoto, mzee. Ile damu ilikuwa ya dawa. Dawa ikienda, damu inaenda. Hapana leta mtoto. Mimi nilisema si kitu."

"Ulisema haraka," alisema Jerop.

Daktari alimtazama, na usoni mwake kukapita kitu kilichokaribia aibu. "Ndiyo," alisema. "Nilisema haraka." Akamwandikia vidonge vingine, na chupa akaiweka mkononi mwake yeye.

Kwenye lori, walipopita Njoro na baridi ikaanza kuuma, Kemboi aliongea. "Nilitaka kijana tu, Mama Rael."

"Najua."

"Sikutaka ubaya."

"Hilo pia najua. Ndiyo maana limenichosha sana."

*

Angeweza kusema ukweli nyumbani. Ukweli ulikuwa umeshasemwa kanisani, ulihitaji kukubaliwa tu. Lakini Chepkemei alikuwa amesimama mlangoni anangoja, na Kemboi, akiona uso wa mama yake, alisema jambo la kwanza lililomjia.

"Mimba imetoka, mama."

Kikongwe alijishika kichwa. Kabla jua halijatua habari ilikuwa imeenea mabanda yote ya wafanyakazi, na kila mtu alielewa sasa kwa nini Jerop alisema vile kanisani. Masikini alikuwa ameshaipoteza, na majonzi yamemvuruga akili. Wanawake walikuja na uji na sukari. Walikaa, wakalia kidogo, wakamwambia Mungu ndiye anayetoa na ndiye anayetwaa. Jerop aliwaambia hakukuwa na mtoto. Walimshika mkono, wakamwambia ndiyo, mama, sasa hayupo. Alirudia mara ya pili, wakalia zaidi. Mara ya tatu aliacha, akanywa uji, maana ulikuwa mtamu na yeye alikuwa na njaa.

Lililowakasirisha wote lilikuwa dawa. Dawa ya Mhindi, walisema, ilianza vizuri kisha ikaua mtoto. Joash aliitaja kwenye mahubiri. Nyongesa alipopita, watu walimtazama vibaya, yeye na mkoba wake. Na Chepkemei alituma tena salamu Londiani. Kemboi alisema hatakwenda, na safari hii hakutoa sababu. Lakini kila alipoulizwa juu ya vile vidonge, alijibu kwa unyonge kwamba vilikataa.

Chupa ilikaa kwenye mfuko wa nguo ya Jerop, mchana na usiku, na alimeza kila asubuhi bila kufunuliwa jicho. Siku zikaenda. Akalala. Memsaab, ambaye krimu yake ilikuwa imerudishwa kutoka Nakuru mara mbili, hakuuliza dawa wala mtoto. Alisema Jerop arudi kwenye mashine.

Asubuhi ya kwanza, ukungu ulikuwa umefunika zizi. Jerop alimimina maziwa, akashika mpini, akaanza. Ting, ting, ting, ikalia mara chache, mwendo ukakaa sawa, ikanyamaza. Krimu ikaanza kutoka, nzito, ya manjano. Shali lilikuwa bado mabegani mwake. Alizungusha ndoo ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, na katika chumba kile hakukusikika chochote ila mlio mdogo wa gurudumu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Chepkemei, ameshika kikombe cha uji, anapumua kwa kuharakisha, uso umejaa huruma.

"Kumbe uko hapa," alisema. "Nimekaa nyumbani nasikiliza kengele, sisikii. Nikafikiri umezidiwa tena, hukuja kazi." Alitikisa kichwa. "Pole, mwanangu. Dawa ile ilikutupa kabisa."

Jerop alipokea uji kwa mkono mmoja. Mkono mwingine haukuacha mpini.